Mkono Ukomee Wapi: Mwongozo wa Sikio la Nje kwa Watu wa Mbulu na Hanang

Miongoni mwa viungo vyote vya mwili, sikio ndilo linaloudhiwa zaidi na mikono ya wenyewe, na aghalabu huudhiwa kwa nia njema. Mama hulisafisha kwa njiti ya kiberiti, mzee hulikuna kwa unyoya wa kuku, kijana wa bodaboda hulichokonoa kwa ufunguo akiwa anangoja abiria stendi ya Katesh, na mwalimu mwenye hasira hulivuta au hulizaba kofi. Na kila mmoja wao angestaajabu kuambiwa kwamba amelidhuru. Sababu ni kwamba sikio tunaliona kila siku, lakini umbo lake hatulijui. Makusudi ya mwongozo huu ni kukueleza sehemu za sikio la nje jinsi zilivyo, maana kila sehemu ina hukumu yake: moja hukubali kutogwa na nyingine hukataa, moja huoshwa na nyingine huachwa ijioshe, na pana mahali ambapo mkono wa mtu asiye tabibu sharti ukome.

Lijue umbo kabla ya kutafuta dawa

Nawa mikono, kaa penye nuru mbele ya kioo, na kama kioo hakipo mwombe mwenzio akae mbele yako, kisha ulipapase sikio kwa utaratibu ufuatao. Usidhani ni mchezo wa watoto, kwani mtu aliyelipapasa mara moja kwa makini hababaiki tena tabibu anapomwuliza ni wapi hasa panapouma.

1. Anzia juu kidogo ya tundu, ndani ya sikio lenyewe. Hapo ndipo penye chanzo cha ukingo, ule upindo uliojikunja, unaopanda juu, ukazunguka nyuma, ukashuka hadi karibu na mwisho wa sikio. Baadhi ya watu wana kivimbe kidogo kigumu kwenye ukingo huo, sehemu ya juu kwa nyuma. Charles Darwin alikieleza katika kitabu chake cha mwaka 1871, na kivimbe hicho si ugonjwa wala si nuksi.
2. Ndani ya ukingo kuna tuta lililoinuka sambamba nao, ambalo likifika juu hugawanyika mara mbili.
3. Tuta hilo limekizunguka kibonde, na mwisho wa kibonde ni tundu.
4. Mbele ya tundu, upande wa shavu, kuna kinundu ambacho ukikisukuma kwa kidole tundu hufungika na sauti hufifia. Ng'ambo yake kuna kinundu cha pili, kidogo kuliko hicho.
5. Chini ya yote ni ncha ya chini, au ndewe, laini, inayokunjika upendavyo.

Mikunjo hiyo haikuwekwa kwa pambo tu. Sauti inayoingia sikioni huipiga kwanza, ikabadilika kidogo kadiri inavyotoka juu au chini, mbele au nyuma, na ubongo, ambao umeyazoea masikio ya mwenyewe tangu utotoni, huyapima mabadiliko hayo ukajua upande. Mhadzabe wa Yaeda Chini anayemfuata ndege wa asali porini, na mchungaji anayeisikiliza kengele ya ng'ombe aliyepotea katika ukungu wa miteremko ya Mlima Hanang, wote wawili huitumia elimu hii pasipo kufundishwa na mtu.

Sasa zingatia jambo moja ambalo ndilo msingi wa mengi yatakayofuata. Sikio lote unaloliona, isipokuwa ncha ya chini, limesimamishwa na gegedu, na gegedu hilo halina mishipa ya damu ya kwake. Hulishwa na utando mwembamba ulioshikamana nalo, ambao nao umefunikwa na ngozi. Utando ukitengwa na gegedu, kwa damu iliyovilia au kwa usaha, gegedu hukosa riziki, likafa, na sikio likanywea na kukunjamana lisirudi tena katika umbo lake. Ncha ya chini haina gegedu. Ni ngozi, mafuta na damu tele, na kwa hiyo hupona upesi. Mababu waliotangulia kuchagua mahali pa kutoga hawakuchagua ovyo.

Mfereji usiouona

Kutoka kibondeni mfereji huingia ndani ya kichwa kadiri ya sentimita 2.5 kwa mtu mzima, na haukunyooka, bali umepinda. Theluthi yake ya nje imezungukwa na gegedu, na ngozi ya hapo ni nene kidogo, ina vinyweleo na vitezi vinavyotengeneza nta. Theluthi mbili za ndani ni mfupa uliofunikwa na ngozi nyembamba mno, isiyo na nywele wala vitezi, ambayo hata mguso mwepesi huiumiza. Mwisho wake ni kiwambo cha sikio, ambacho upana wake hukaribia sentimita moja na unene wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Hapo ndipo sikio la nje linapokoma na sikio la kati linapoanza.

Katika mfereji huu hufanyika jambo la ajabu ambalo lau watu wangelijua, biashara ya vijiti vya pamba ingepungua sana minadani. Ngozi ya kiwambo na ya mfereji haitulii mahali pake kama ngozi nyingine za mwili, bali husogea polepole kutoka ndani kwenda nje, kwa mwendo unaokaribia ule wa kuota kwa ukucha, ikichukua pamoja nayo vumbi, nywele zilizokatika na nta iliyokauka. Na utafunapo ugali au makande, taya huutikisa mfereji na kuzisaidia takataka hizo kutoka. Nta yenyewe si uchafu, kwa kuwa huizuia ngozi isilowe, hunasa vumbi, na ukali wake mdogo huwachukiza vijidudu. Kwa hiyo anayeingiza kijiti hujifanyia mambo matatu ambayo hakuyakusudia: huisukuma nta kutoka theluthi ya nje, ambako hujitoa yenyewe, hadi sehemu ya mfupa ambako haiwezi kujitoa, huichubua ngozi, na akigutushwa na mtoto au na mbuzi, hukitoboa kiwambo. Nimeona watu wengi wakilalamika kwamba nta yao haiishi, na nikiwauliza husema husafisha kila siku. Hapo jibu huwa limekwisha patikana.

Yuko pia mtu ambaye kila akigusa tundu la sikio hukohoa. Asidhani kuwa amelogwa, kwa maana mshipa wa fahamu unaopita kooni na kifuani una tawi lake katika ngozi ya mfereji, na kuligusa tawi hilo huamsha kikohozi.

Usafi wa kila siku

Kanuni yenyewe ni nyepesi: safisha kile ambacho kidole kilichovikwa kitambaa hukifikia, basi.

1. Lowesha kitambaa safi kwa maji ya uvuguvugu, ukikamue.
2. Futa nyuma ya sikio, katika mfuo unaokutana na kichwa. Hapo ndipo vumbi la barabara ya Mbulu na Haydom hujikusanya wakati wa kiangazi, na watu wengi hupasahau.
3. Futa ukingo, tuta na kibonde kwa kidole kilichovikwa kitambaa.
4. Futa nta iliyotokeza mlangoni pa tundu, wala usiifuate ndani.
5. Ukiwa umeoga au umeogelea, inamisha kichwa upande, vuta sikio taratibu ili mfereji unyooke, uache maji yatoke, kisha ukaushe nje kwa taulo. Usichomeke kona ya taulo ndani.

Namna ya kuvuta ili mfereji unyooke hutofautiana kwa umri, na tofauti hii utaihitaji tena mbele: kwa mtu mzima na mtoto mkubwa, shika ukingo wa juu uvute juu na nyuma, kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, shika ncha uvute chini na nyuma, maana mfereji wake haujapata bado mpindo wa utu uzima.

Nta ikiziba

Pamoja na hayo, wapo watu ambao nta yao huziba bila ya kosa lao, hasa wazee, na wale ambao mfereji wao ni mwembamba. Dalili ni kusikia kwa shida upande mmoja, sikio kuwa zito, pengine na mvumo. Kama hakuna maumivu, usaha wala damu, na kama kiwambo hakijapata kutoboka, waweza kuilainisha nyumbani:

1. Pasha kijiko kimoja cha mafuta safi ya kula, kwa kukitia kijiko katika maji ya moto na si juu ya jiko, mpaka mafuta yawe na joto la mwili. Yajaribu mgongoni mwa mkono.
2. Lala kwa ubavu, sikio lililoziba likiwa juu, na mwenzio alivute kama ilivyoelezwa.
3. Atie matone matatu au manne, kisha akibonyeze kinundu cha mbele mara chache ili mafuta yateremke.
4. Kaa hivyo dakika tano, kisha inuka ufute yanayotoka.
5. Fanya hivyo mara mbili kwa siku, kwa muda wa siku tatu hadi tano.

Isipofunguka, nenda zahanati, ambako muuguzi atalisafisha kwa maji ya joto la mwili. Hilo la joto si adabu tu, kwa sababu maji ya baridi au ya moto mno huuvuruga mwizani wa mwili ulio ndani ya sikio, ukazungukwa na kichwa hata kutapika. Mwenye kisukari asioshwe kabla ya kumwambia tabibu hali yake, kwa kuwa mchubuko mdogo katika mfereji wake waweza kugeuka kuwa ugonjwa mzito wa mfupa.

> HADHARI: VISIVYOTIWA SIKIONI
> – Maji ya kitunguu saumu. Mbulu imejaliwa kukivuna kwa wingi, na mchuzini hakina mfano, lakini maji yake huichoma ngozi ya mfereji.
> – Samli au mafuta ya moto.
> – Maziwa ya mama, mkojo, asali, maji ya majani.
> – Dawa ya matone iliyobaki ya mgonjwa mwingine.
> – Chochote kile, yakiwemo mafuta ya hapo juu, ikiwa sikio linatoa usaha au damu.

Kitu kimeingia

Mfereji una mahali pembamba palipo karibu na pale gegedu linapokutana na mfupa. Punje ikiwa bado nje ya wembamba huo ni jambo dogo. Ikisukumwa ikaupita, huwa kazi ya tabibu na wakati mwingine ya chumba cha upasuaji. Kinachoisukuma, mara nyingi kuliko zote, ni kidole au kibano cha mzazi mwenye hofu. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kutulia, na ya pili kutambua ni kitu gani, kwa kuwa dawa ya kimoja ni sumu ya kingine.

*Punje na mbegu.* Katika nchi ya mahindi, maharage, mbaazi na alizeti, watoto hawakosi cha kuchomeka. Usitie maji, kwani punje itavimba na kuukaba mfereji. Mwambie mtoto ainamishe sikio chini, livute ipasavyo, ulitikise kidogo. Isipodondoka, nenda zahanati. Siku moja ya kungoja haiui, lakini jaribio la tatu laweza kutoboa.

*Ndevu za ngano.* Tambarare za Basotu zimekuwa nchi ya ngano tangu shirika la serikali la NAFCO lilipofungua mashamba yake miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada, na wakati wa mavuno upepo hurusha makapi hata njiani. Undevu wa ngano una vimiba vinavyoelekea upande mmoja, kwa hiyo kila unapoutikisa huzidi kuingia wala haurudi. Usilitikise sikio, bali umwone tabibu.

*Mdudu aliye hai.* Hapa hofu ni kubwa kuliko hatari, ingawa mwenye mdudu hatakubaliana nami wakati anapapatika. Kama huna usaha wala tundu katika kiwambo, lala kwa ubavu, utiwe mafuta ya kula ya uvuguvugu hadi tundu lijae, ukae dakika kumi ili mdudu afe, kisha ugeuke mafuta yatoke, na mara nyingi naye atatoka nayo. Asipotoka, aondolewe zahanati. Usimmulike kwa tochi ukitumaini ataifuata nuru. Nondo huenda akaifuata, lakini mende huikimbia, naye atakimbilia ndani.

*Kupe.* Anayelala jirani na zizi hujua kwamba kupe hachagui ngozi. Aliyeng'ang'ania ndani ya mfereji asivutwe nyumbani, kwani vipande vya kinywa chake hubaki na ngozi huchanika. Aondolewe na tabibu mwenye taa na kibano chembamba.

*Shanga.* Ni duara na telezi, na kibano huibana ikaponyoka kwenda ndani zaidi. Acha.

*Betri ndogo ya duara*, ile ya saa au ya mdoli. Hii ndiyo dharura ya kweli. Betri iliyokaa katika unyevu wa mfereji huunguza ngozi na kiwambo kwa muda wa saa chache. Usitie maji, usitie mafuta, usingoje kukuche. Mpeleke mtoto hospitali saa ile ile, na useme neno "betri" kabla ya maamkizi hayajakwisha.

Kutoga na kupanua ndewe

Hili ni jambo la heshima kubwa katika nchi hii, nami siandiki ili kulikataza. Wabarbaig wa tambarare za Hanang, wanaume kwa wanawake, wametoga masikio na kuyapanua kwa vizazi vingi, na mapambo ya shaba ya mafundi wao yanatambulikana mbali. Na mabinti wa miji ya Mbulu na Katesh, wawe Wairaqw au wa kabila lolote, hutogwa wangali wachanga. Ninachotaka ni kitendo hiki kifanywe mahali panapostahili na kwa chombo kinachostahili.

Mahali panapostahili ni ncha ya chini. Siku hizi vijana huomba watogwe kwenye ukingo wa juu, na wapo watakaonijibu kwamba wanawake wa Lamu na Unguja walitoga ukingo kwa matundu kadhaa tangu zamani, wakavaa mapambo yao, wakazeeka na masikio yao. Ni kweli, wengi walisalimika. Lakini pale wasiposalimika, vijidudu huingia katika utando wa gegedu, na sikio linyweapo halina fundi mwepesi. Dalili yake huitambua aliyejifunza umbo: sikio la juu huvimba, likawa jekundu au jeusi la kung'aa, moto kulishika, ilhali ncha ya chini imebaki kama ilivyokuwa, kwa sababu haina gegedu. Uonapo hivyo, toa pambo, uende hospitali siku hiyo hiyo.

Utaratibu wa kutoga:

1. Mtoto mchanga asubiri amalize chanjo za juma la 6, la 10 na la 14, ambazo ndani yake imo kinga ya pepopunda. Mtu mzima ahakikishe chanjo yake.
2. Uliza katika ukoo kama kuna mtu ambaye kovu lake huvimba na kukua kupita jeraha. Akiwapo, fikiri mara mbili. Makovu ya namna hiyo hupenda sana ncha ya sikio na ngozi nyeusi, na yakikatwa ovyo hurudi makubwa zaidi.
3. Anayetoga anawe mikono kwa sabuni, na ngozi ipakwe spiriti.
4. Sindano iwe mpya, ifunguliwe mbele yako, itumike kwa mtu mmoja. Mwiba, pini ya shuka, au sindano ya jirani "iliyochomwa moto kidogo" vyaweza kuleta pepopunda, homa ya ini na Virusi vya Ukimwi.
5. Tia alama kwa kalamu katika ncha zote mbili, utazame kutoka mbele kama ziko sawa, ndipo utoboe.
6. Pambo la kwanza liwe jepesi, la chuma kisichoshika kutu au dhahabu. Yale ya bei nafuu ya mnadani mara nyingi huwa na nikeli, ambayo huwawasha watu wengi.
7. Osha mara mbili kwa siku kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, robo kijiko cha chai cha chumvi kwa bilauri ya robo lita. Kinyesi cha ng'ombe, majivu na dawa ya meno visikaribie.
8. Pambo lisitolewe kabla ya majuma sita.

Anayetaka kupanua ndewe asianze mpaka jeraha limepona kabisa, na apanue kidogo kidogo, akiachilia majuma kati ya unene mmoja na mwingine. Damu, maumivu au ngozi iliyopauka ni ishara kwamba amefanya haraka. Na ajue mapema kwamba ndewe iliyopanuka sana haitajirudi yenyewe, na kwamba pambo zito, au tawi la mgunga, au mkono wa mtoto anayebebwa, waweza kuichana hadi mwisho. Iliyochanika haishikamani kwa kubanwa na uzi. Hushonwa na daktari kwa ganzi ya mahali pale tu, kazi ambayo haihitaji kulala hospitali. Wako wazee ambao vijana wao, kwa kuona aibu, huwahimiza washonwe ndewe zilizo nzima. Hilo ni shauri la mwenye sikio, si la mwanawe.

Kipigo

Fimbo, pembe ya ng'ombe, au kuanguka na pikipiki, huweza kuifanya damu ivilie kati ya gegedu na utando wake, na mikunjo ya sikio ikafutika kwa uvimbe laini. Usiupasue, usiukande kwa maji ya moto, wala usingoje unywee. Daktari huitoa damu hiyo na kulifunga sikio kwa kulikandamiza, ili utando ushikamane tena; kazi hii hufaa siku hiyo au kesho yake, na baada ya juma moja huwa damu imekwisha ganda na sikio limeanza kukakamaa.

Kofi lina ubaya wake wa peke yake. Kiganja kikilifunika tundu kwa ghafla, hewa iliyomo mferejini hubanwa dhidi ya kiwambo, nacho huchanika. Mzazi na mwalimu wote wawili watafute njia nyingine ya kuonya. Aliyepatwa, akisikia maumivu makali, mlio, au akiona damu kidogo, sikio lake likae kavu, lisitiwe kitu, apelekwe kutazamwa. Viwambo vingi vilivyochanika hivyo hujiunga vyenyewe ndani ya majuma kadhaa, maadamu havikuingiwa na maji.

Jua la nyanda za juu

Baridi ya Mbulu huwadanganya watu wakadhani jua lake ni pole. Kwa wenye ualbino, ukingo wa juu wa sikio ni mojawapo ya mahali ambapo saratani ya ngozi huanzia, na kofia ya chepeo, ambayo ndiyo inayovaliwa zaidi, huyaacha masikio wazi kabisa. Kofia iwe ya pama, yenye ukingo mpana pande zote, na mafuta ya kukinga jua, kama yale ya Kilisun yaliyoanzishwa kutengenezwa Moshi kwa ajili yao, yapakwe ukingoni na nyuma ya sikio. Kidonda cha ukingo kisichopona kwa mwezi mmoja kionyeshwe daktari.

Sikio linalotoa usaha

Usaha wa mtoto kwa kawaida hautoki katika sikio la nje, bali hupita humo tu. Chanzo chake ni mafua yaliyopanda kwa mrija utokao nyuma ya pua hadi sikio la kati, na kiwambo kikatoboka. Ipo njia ya kukisia: bonyeza kinundu cha mbele au uvute ukingo. Maumivu yakizidi sana, ugonjwa huenda umo katika mfereji wenyewe. Yasipozidi, tazamia ulio nyuma ya kiwambo. Kisio hiki hakimwondolei mtu safari ya zahanati, ila humsaidia kueleza.

Wakati unapojiandaa kwenda, na baada ya kurudi, likaushe sikio hivi:

1. Sokota kipande cha kitambaa safi cha pamba kiwe utambi wenye ncha. Karatasi haifai, hukatikia ndani; kijiti kisiwemo.
2. Vuta sikio kwa kufuata umri.
3. Ingiza utambi taratibu, uuache unyonye kadiri ya dakika moja, uutoe.
4. Badilisha mwingine, hadi utoke mkavu.
5. Rudia mara tatu kwa siku au zaidi, ndipo utie matone aliyokuandikia tabibu, kwani dawa inayotiwa juu ya usaha haifiki.

Usiache pamba imeziba tundu. Usaha uliopita siku 14 umekwisha kuwa sugu, nao ndio unaowapokonya watoto usikivu kimyakimya, mwalimu akawaita wazembe.

> NENDA HOSPITALI LEO, SI KESHO
> ☐ Betri ndogo sikioni
> ☐ Uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, unaolisukuma mbele
> ☐ Usaha pamoja na homa kali, shingo ngumu, kizunguzungu au uso kupooza upande mmoja
> ☐ Sikio lililovimba baada ya kipigo, au baada ya kutogwa ukingo
> ☐ Damu au maji maji kutoka tunduni baada ya kuumia kichwa
> ☐ Usikivu uliopotea ghafla
> ☐ Maumivu makali ya sikio kwa mwenye kisukari

Mtoto akizaliwa na sikio dogo lisilo na umbo, au lisilo na tundu, aonyeshwe mapema ili usikivu wake upimwe, na hasa usikivu wa sikio la pili, ambao aghalabu ni mzima na watosha kumfundisha kusema. Kitundu kidogo mbele ya sikio, cha kuzaliwa nacho, hakina neno, ila kikitoa usaha kisikamuliwe.

Zahanati ya kijiji ndiyo mlango wa kwanza, na kazi nyingi zilizotajwa humu huishia hapo au katika kituo cha afya. Zikizidi, ziko hospitali ya Mbulu mjini na ya Tumaini pale Katesh, na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, inayowahudumia watu wa pande hizi tangu mwaka 1955. Na lile linaloshinda huko hupelekwa hospitali ya KCMC, Moshi, kwa mabingwa wa masikio. Popote uendapo, mwambie tabibu mambo haya bila ya kusubiri akuulize: ni sikio lipi, tangu siku gani, kilichotangulia ni maumivu au usaha, kama kiwambo kilipata kutoboka zamani, na, bila ya kuona haya, kila kitu kilichokwisha kutiwa humo kabla hujafika kwake.